Amplifaya Tatu, Betri Moja: Kufunga Umeme wa Muziki Bila Kuunguza Gari

Kwenye maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, mteja wa muziki wa gari huanza na wufa. Huibonyeza koni kwa kidole gumba, huigeuza aone sumaku, huuliza wati. Kutoka hapo huhamia kwenye amplifaya, na mabishano ya bei hayaishi upesi. Waya hukumbukwa mwisho, pesa zikiwa zimebaki chenji: mita sita za ule mwekundu mnene ulioviringwa mlangoni, fyuzi yoyote iliyo karibu, mfuko unafungwa.

Mpangilio huo uko kichwa chini. Wufa mbovu itakunyima besi, basi. Waya mbovu usio na fyuzi unaweza kuteketeza gari abiria wakiwa ndani. Na nganya za leo, zile matatu zinazopigania wateja wa Rongai au Umoja kwa taa na midundo, haziendeshwi na amplifaya moja. Kuna ya wufa, kuna ya spika za pembeni, kuna ya twita zilizopangwa darini. Kadiri zinavyoongezeka ndivyo uzembe wa waya unavyokosa pa kujificha.

Fundi anayeijua kazi hushika kalamu kabla ya koleo. Tuchukue Hiace ya viti 14, umeme wa volti 12, yenye amplifaya tatu. Ya kwanza ni ya mikondo minne, aina ya AB, wati 75 kwa kila mkondo, yaani 300 kwa jumla. Ya pili ni ya wufa, aina ya D, wati 1000. Ya tatu ni AB nyingine ndogo ya wati 200 kwa ajili ya twita. Wati hizi ni za RMS, zile amplifaya inazoweza kuzitoa mfululizo, wala si zile za herufi kubwa zilizochapwa kwenye boksi.

Amplifaya haitoi umeme wote inaoupokea. Sehemu hugeuka joto. Aina ya AB hutumia vizuri kama asilimia 55 ya inachopokea, aina ya D kama 80. Kwa hiyo gawa wati kwa 0.55 au 0.80, halafu gawa jibu kwa 13.8, ambayo ni volti ya gari injini ikiwa inanguruma. Ya kwanza inadai takriban ampea 40, ya pili 91, ya tatu 26. Jumla ni ampea 157 muziki ukiwa umefunguliwa mpaka mwisho. Muziki hupanda na kushuka, hivyo wastani wake mara nyingi hauzidi theluthi ya hapo. Lakini waya na fyuzi hupangwa kwa kuangalia kilele.

Hesabu hiyohiyo huumbua maboksi ya uongo. Amplifaya inajigamba kuwa na wati 3000, lakini ubavuni imechomekwa fyuzi mbili za ampea 30. Ampea 60 mara volti 13.8 ni wati 828 zinazoingia. Zinazotoka haziwezi kuzidi zinazoingia, na kwa aina ya D hazitavuka sana 660. Kabla ya kulipa, chungulia fyuzi.

Kinachofuata ni waya, na hapa soko lina mtego. Nyaya nyingi za bei rahisi si shaba tupu. Ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Zinang'aa, ni nene, zina ganda laini la kuvutia, lakini alumini ile hupitisha umeme kwa karibu theluthi mbili tu ya uwezo wa shaba. Kuitambua ni kazi ya wembe. Menya ncha, chagua uzi mmoja, ulaze juu ya ukucha na uukwaruze taratibu. Wekundu ukitoka na weupe wa fedha ukajitokeza chini yake, hiyo ni alumini. Wekundu ukiendelea hadi ndani, ni shaba. Wapo pia wanaouza shaba iliyopakwa bati, ambayo kwa nje ni nyeupe na ndani ni nyekundu. Hiyo ni bidhaa nzuri, inavumilia unyevu kuliko shaba tupu, na hakuna sababu ya kuikataa kwa kudhani ni feki. Uzito nao husema: shika viringo viwili vya unene sawa, cha alumini kitakuwa chepesi mkononi.

Unene wa waya huuzwa kwa majina mawili. Vifaa vya muziki hutumia geji za Kimarekani, ambazo namba yake ikishuka waya huongezeka unene: geji 8 ni kama milimita 8 za mraba, geji 4 ni 21, geji 2 ni 34, na ile inayoitwa sifuri ni 53. Maduka ya umeme na ya kuchomelea vyuma huuza kwa milimita za mraba moja kwa moja: 10, 16, 25, 35, 50. Waya wa mashine ya kuchomelea, ukiwa wa shaba halisi, ni mbadala mzuri na mara nyingi wa bei nafuu, kwa sababu nyuzi zake ni nyembamba na nyingi, unapinda bila kuvunjika. Uupitishe mbali na mafuta ya injini, maana mpira wake haupatani nayo.

Kutoka betri ya mbele hadi nyuma ya Hiace, waya ukizungushwa vizuri, hufika kama mita 5. Kwa urefu huo, waya wa shaba wa milimita 16 ukibeba ampea 157 hupoteza volti 0.84 njiani, na ndani yake mwenyewe unazalisha joto la zaidi ya wati 130. Wa 35 hupoteza 0.39. Wa 50 hupoteza 0.27. Hapo hatujahesabu upande wa kurudi kupitia bodi. Kwa mfano wetu, 35 ndio mwanzo wa heshima, na mwenye mpango wa kuongeza wufa mwakani anunue 50 sasa hivi, kwa sababu kung'oa viti na mazulia mara ya pili ni gharama kuliko tofauti ya bei ya waya.

Sasa fyuzi. Gereji nyingi zinaamini kwamba fyuzi kubwa ya muziki ni ya kulinda amplifaya. Sivyo. Amplifaya imekuja na fyuzi zake kutoka kiwandani. Fyuzi ya kwenye betri inalinda waya, na asiyelielewa hilo ataiweka mahali pasipofaa, aghalabu nyuma karibu na amplifaya, kwa kuwa huko ni rahisi kuifikia.

Waya mkuu unatoka kwenye betri, unapenya ukuta wa chuma ulio kati ya betri na ndani ya gari, unalala chini ya zulia hadi nyuma. Penye tundu la ule ukuta, ukingo wa chuma una makali. Gari linatikisika kila siku kwenye mashimo ya barabara, ganda la waya linasagika kidogokidogo, mpaka shaba inaigusa bodi. Bodi ya gari ni upande hasi wa betri. Kwa hiyo betri imepigwa shoti, na betri ya kawaida ya gari inaweza kumwaga ampea mia kadhaa kwa mkupuo, kwani ndivyo ilivyoundwa ili izungushe stata. Umeme huo haupiti kwenye amplifaya hata kidogo. Unatoka betri, unafika kwenye ukingo, unarudi betri. Fyuzi za amplifaya hazijui chochote. Fyuzi iliyofungwa nyuma nayo haijui chochote. Waya unakuwa mwekundu, ganda linayeyuka, zulia linashika, kisha sponji ya viti. Kuzima ufunguo hakusaidii, maana waya huo haupitii kwenye ufunguo.

Fyuzi ikiwa karibu na betri, tukio hilohilo huishia kwenye mlio mdogo karibu na betri na muziki kuzimika.

Desturi ya mafundi wa muziki wa magari ni kuiweka ndani ya sentimita 45 kutoka terminali chanya, tukipima kwa urefu wa waya. Ikikaa karibu zaidi, bora zaidi, kwa kuwa kile kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Kivishwe bomba la plastiki la mikunjo na kifungwe kisicheze. Tundu la ukutani livalishwe mpira, na hata penye mpira waya uongezewe ganda la pili.

Ukubwa wa fyuzi kuu unaamuliwa na mambo mawili, na moja lina sauti kuliko jingine. Isizidi uwezo wa waya: kwa shaba, geji 8 isivuke ampea 60, geji 4 isivuke 150, geji 2 isivuke 200, sifuri isivuke 300. Ukiwa umeangukia waya wa alumini, uhesabu kama shaba iliyo nyembamba zaidi kwa geji mbili. Baada ya kutii hilo, ndipo unatazama mahitaji: jumla ya fyuzi za amplifaya zote. Hiace yetu ina za 40, 100 na 30, jumla 170. Waya wa milimita 35 unaruhusu hadi 200. Fyuzi ya 150 au 175 inatosha. Wapo watakaosema 150 ni ndogo kwa kuwa kilele ni 157. Lakini fyuzi bapa za ANL, zinazofungwa kwa kazi hii, hazikatiki papo hapo mzigo unapopita namba yake kidogo, na kilele cha muziki ni cha nukta ya sekunde.

Zile fyuzi za vioo zilizo kama vidonge virefu ziachwe dukani. Ncha zake hushikwa kwa vibanio vyepesi, vinalegea, vinapata joto, na mwishowe holda inayeyuka wakati fyuzi yenyewe bado nzima. ANL hufungwa kwa nati mbili, na nati hizo ndizo za kuangaliwa: ikilegea moja, plastiki ya holda hubadilika rangi na kuwa ya hudhurungi upande huohuo. Ukiona rangi hiyo, tafuta spana kabla ya kulaumu fyuzi.

Waya mkuu ukifika nyuma, unaingia kwenye boksi la kugawia umeme, na hapa ndipo wafungaji wa amplifaya nyingi wanapoteleza. Kanuni yenyewe ni fupi: kila mahali waya unapopungua unene, pawe na fyuzi. Milimita 35 inaingia, milimita 10 inatoka kwenda kwenye amplifaya ya spika za pembeni. Milimita 10 hiyo ikipigwa shoti chini ya kiti, fyuzi ya 175 iliyo mbele inaweza kuitazama ikiungua, kwa sababu umeme unaopita huenda haujafikia kiwango cha kuikata. Kwa hiyo boksi liwe lenye fyuzi zake ndani: 40 kwa waya wa milimita 10 unaokwenda kwenye AB kubwa, 30 kwa mwenzake wa twita, na 100 kwa waya wa milimita 25 wa wufa. Maboksi ya shaba tupu yasiyo na fyuzi yanafaa upande wa hasi tu, au pale ambapo nyaya zote zinazotoka zina unene uleule wa unaoingia.

Upande wa hasi, ambao mafundi wengi wanauita athi, hauwekwi fyuzi. Waya wake uwe na unene sawa na wa chanya, mfupi iwezekanavyo, chini ya nusu mita ikipatikana. Athi za amplifaya zote tatu zifungwe mahali pamoja, la sivyo tofauti ndogo ya volti kati ya sehemu na sehemu huingia kwenye nyaya za sauti, na ule mlio mwembamba unaopanda dereva akikanyaga mafuta unaanza kusikika kwenye twita. Rangi ya bodi ni kizuizi cha umeme, kwa hiyo ipigwe msasa mpaka chuma kiwe cheupe, bolti na nati zikazwe na washa yenye meno, kisha sehemu hiyo ipakwe grisi au rangi juu ili isishike kutu. Skrubu ya kujichimbia kwenye bati jembamba haifai.

Kwa athi, bolti za mikanda ya viti zisiguswe. Mikanda hiyo imo kwenye matatu tangu kanuni za 2004, zile zinazokumbukwa kwa jina la waziri John Michuki, na bolti yake inapaswa kukaza mkanda, si kushindana na pete ya shaba na rangi iliyokwaruzwa.

Kuna kazi ya mbele ambayo wengi huiruka. Umeme wa kurudi kutoka nyuma unapita kwenye bodi, kisha unapaswa kuingia betri kupitia ule waya mdogo wa kiwandani. Hakuna faida kutandika milimita 35 hadi nyuma halafu kila kitu kibanwe kwenye waya wa milimita 10 pale terminali hasi. Nyaya tatu huongezewa nguvu: wa altaneta kwenda chanya ya betri, wa hasi ya betri kwenda bodini, na wa injini kwenda bodini. Ule wa altaneta uwekewe fyuzi kubwa kuliko uwezo wa altaneta lakini isiyozidi uwezo wa waya.

Altaneta yenyewe ina mwisho wake. Za magari ya kawaida nyingi ni kati ya ampea 60 na 100, na hiyo ni injini ikienda kasi. Ikisinzia kwenye msongamano wa Jogoo Road hutoa sehemu tu ya hapo. Taa za mbele pekee, mbili za wati 55, zinachukua ampea 8. Toa feni, skrini na taa za rangi, utaona kilichobaki kwa muziki. Wapo wanaotibu hili kwa kapasita ya faradi moja yenye mita ya kidijitali inayong'aa. Hesabu haiioni huruma: volti zikishuka kutoka 14 hadi 12, kapasita hiyo imetoa jouli 26, ambazo kwa amplifaya inayomeza wati 1000 ni chakula cha sekunde 0.026. Pesa hizo zinunue waya au altaneta kubwa.

Wengine huongeza betri ya pili nyuma. Hilo linafaa, ila waya unaounganisha betri hizo mbili unahitaji fyuzi ncha zote mbili. Betri kila moja ni chanzo. Waya ukikatwa katikati na kugusa bodi, moto utatoka pande zote, na fyuzi ya mbele haiwezi kuizuia betri ya nyuma. Betri ya ndani ya gari iwe ya kuzibwa, ya aina ya AGM, kwani ya maji hutoa hidrojeni inapochajiwa.

Yote hayo ni ya Hiace. Mabasi madogo ya Isuzu NQR, ambayo ndiyo yanayogeuzwa nganya kwa wingi, yana umeme wa volti 24: betri mbili za 12 zimeunganishwa mfululizo. Amplifaya za gari ni za 12. Mkato unaopendwa ni kuchukua umeme pale katikati, kwenye betri moja. Muziki unalia vizuri siku ya kwanza. Lakini altaneta haioni betri moja moja, inaona jumla ya volti 28. Betri inayonyonywa inabaki chini, labda 12.4, na mwenzake analazimishwa kupokea salio, 15.6. Moja inakufa kwa njaa, nyingine inachemka maji hadi yakauke, na mwenye gari anamlaumu muuza betri.

Suluhisho ni konvata ya kushusha volti 24 kuwa 12, yenye ampea zinazolingana na mzigo, au mtambo wa kusawazisha betri, au altaneta ya pili ya volti 12 yenye betri yake kwa ajili ya muziki tu. Konvata ya kutoa ampea 100 itavuta kama 56 upande wa volti 24, ikiwa ufanisi wake ni asilimia 90. Upande huo ufungwe fyuzi ya 70 karibu na betri, na upande wa kutoka upate fyuzi yake.

Waya mwembamba wa buluu wenye mstari mweupe unaotoka redioni kuamsha amplifaya usisahaulike. Ulipangiwa kuamsha moja au mbili, si tatu pamoja na feni za kupoza na taa za spika. Weka relei ya kawaida ya pini nne: 86 inapokea waya wa redio, 85 inakwenda hasi, 30 inapokea chanya kupitia fyuzi ndogo ya ampea 10, ile nyekundu, na 87 inaamsha amplifaya zote. Nyaya za sauti zipitishwe upande wa pili wa gari, mbali na waya mkuu.

Wakati wa kufunga, terminali hasi ya betri huondolewa kwanza na kurudishwa mwisho, na fyuzi kuu huchomekwa baada ya kila kitu kukazwa.

Kisha ipimwe, muziki ukiwa juu na injini ikinguruma. Mita iwekwe kwenye volti. Ncha moja iguse chanya ya betri, nyingine chanya ya amplifaya ya wufa. Namba inayoonekana ndiyo volti inayopotea njiani. Rudia kwa upande wa hasi. Pande zote mbili zikijumlishwa na kubaki chini ya 0.7 kwenye mzigo mkubwa kama huu, kazi ni nzuri. Ikifika 1.5, fuata njia hatua kwa hatua, kabla na baada ya holda, kabla na baada ya boksi, mpaka upate pale namba inaporuka. Mara nyingi ni pete ya shaba iliyobanwa kwa koleo la kawaida badala ya kibanio chake.

Baada ya wiki moja ya kazi barabarani nati zote zikazwe upya, kwa kuwa shaba ya nyuzi hujipanga na kulegea. Na juu ya kifuniko cha holda, kwa kalamu isiyofutika, iandikwe namba ya fyuzi na unene wa waya. Siku fyuzi itakapokatika usiku stejini, makanga atatafuta yoyote iliyo karibu, na kama hakuna maandishi itaingia ya 300, au karatasi ya pakiti ya sigara.